Valvu, transista au SDR: meza yako ya redio ya ridhaa uijengee kizazi kipi?

Swali hili halikauki. Mtu kashapata leseni, kolsaini (jina la stesheni yake hewani) anayo, sehemu ya kutundika waya wa antena kashaiona, afu anakwama mezani: aweke nini pale? Mzee mmoja anataka kumwachia transiva (redio inayopokea na kurusha) ya tangu enzi, ya valvu, zile chupa za kioo za kabla ya transista, mwingine anahama na anauza redio ya transista ya miaka ya tisini na kitu, na huku kila akishika simu anakutana na hizi mpya za SDR, redio ambazo kazi kubwa inafanywa na programu, zenye skrini inayomwonyesha bendi nzima. Kila anayemuuliza anaisifia ile ile aliyonayo yeye, basi ndo anachanganyikiwa zaidi.

Mi ntazilinganisha zote tatu kwa vigezo vile vile, maana stesheni za nyumbani zimepita humo humo kizazi baada ya kizazi, na ukizifuatilia utaona kizazi kipya hakikuondoa usumbufu wa kile kilichotangulia, kiliuhamishia sehemu nyingine tu. Kwa hiyo mtu akinijia huwa namuuliza kwanza usumbufu upi anauweza, mengine yanafuata.

Tumetokea wapi

Zamani hapakuwa na boksi la kununua. Baada ya zile transmita za cheche zilizokuwa zinachafua bendi nzima, valvu ndo ikaleta wimbi safi, na hapo watu wa ridhaa wakafanya makubwa. Desemba 1921 Paul Godley alitumwa kutoka Marekani hadi Ardrossan, Scotland, akafunga risiva yake ndani ya hema akainasa stesheni ya ridhaa 1BCG ya Greenwich, Connecticut, iliyokuwa inarusha kwa valvu. Novemba 1923 Léon Deloy (8AB) wa Ufaransa akapigiana Morse na Fred Schnell (1MO) wa Marekani, huyu anatuma yule anajibu, kwenye mawimbi ya mita mia na kitu, sehemu ambayo wakubwa waliwaachia watu wa ridhaa wakidhani haina kazi.

Miongo iliyofuata meza ilikuwa risiva upande huu, transmita upande ule, swichi ya kuhamisha antena katikati, na kristali za kukupangia masafa, yaani ukiwa na kristali tatu una masafa matatu, basi. SSB (kurusha sauti kwa upande mmoja tu wa wimbi) iliposhika kasi miaka ya 1950 na 1960 upana wa mawasiliano ukapungua karibu nusu ya ule wa AM na pawa ikaacha kupotelea kwenye wimbi mbebaji. Collins wakaweka transmita na risiva kwenye boksi moja, KWM-1 mwaka 1957 na KWM-2 mwaka 1959. Miaka ya 1970 zikaja chotara kama Yaesu FT-101 na Kenwood TS-520, ndani transista, isipokuwa valvu tatu za upande wa kurushia. Miaka ya 1980 valvu zikatoka kabisa kwenye redio nyingi, kompyuta ndogo ikaingia ndani. Na mwaka 2016 Icom wakaanza kuuza IC-7300 nje ya Japani, redio ya HF (mawimbi mafupi, 3 mpaka 30 MHz) ya bei ya kawaida inayogeuza mawimbi kuwa namba karibu tu na tundu la antena, na hapo SDR ikatoka kwenye meza za wachache ikaingia kwa kila mtu.

Vigezo nilivyotumia

Vitano, na zote tatu zinapimwa kwa hivyo hivyo: umeme na usalama, matengenezo na vipuri, kusikia kwenye kelele, uvumilivu kwa antena mbovu, na mambo ya kidijitali kama FT8 (ujumbe mfupi unaotumwa na kusomwa na kompyuta). Pawa sijaiweka kwa sababu zote tatu zinakupa wati 100 hivi bila shida. Na hata ukitoka wati 100 kwenda 400 kule unakoitwa wanaona uniti moja tu ya S (kipimo cha nguvu ya ishara kwenye mita ya redio) imeongezeka, dB 6, basi. Kwa hiyo kama kuna mtu anakushawishi uanze na linia (kikuza pawa) kubwa, mwambie asubiri.

Kwanza: valvu na chotara

Umeme na usalama. Hapa sitanii hata kidogo. Chotara ina volti 600 mpaka 900 kwenye pleti za valvu, linia kubwa inapita 2,000, na kapasita zinabaki na chaji hata baada ya kuchomoa waya ukutani. Kuna rezista za kuitoa hiyo chaji lakini nazo zinakufa kwa uzee bila kukupa taarifa, kwa hiyo unachomoa, unasubiri, unapima kwa mita, unatoa chaji kwa fimbo yenye waya wa ethi, unapima tena, ndo unaingiza mkono, na mkono mmoja tu, wa pili uwe mfukoni. Ukiwa na watoto wanaopitapita kwenye chumba hicho fikiria mara mbili. Halafu filamenti zinakula umeme hata ukiwa unasikiliza tu, ingawa FT-101 na TS-520 zina swichi ya kuzima hita ukitaka kusikiliza peke yake.

Matengenezo na vipuri. Hapa ndo valvu inapowashangaza vijana. Ukifungua kifuniko unaona kila kitu, rezista ina ukubwa wa kushikika, skimu (mchoro wa saketi) inasomeka, na mtu mwenye mita na kifaa cha kulehemu anaweza kuifuata hitilafu mpaka aikamate. Kapasita za elektrolaiti zimekauka, hilo lichukulie kama hakika kwenye redio yoyote ya umri huo, zibadilishe kwanza ndo uanze kulalamika. Ila valvu zenyewe zinatofautiana: 6146 zilitengenezwa kwa wingi sana na bado zinatafutika, lakini zile zilizotoka kwenye seti za televisheni kama 6JS6 zimekuwa adimu, na ukibadilisha jozi unatakiwa ufanye nyutralizesheni (kuzuia valvu zisijirushie zenyewe) upya, kazi ambayo haitaki haraka. Kwa hiyo kabla hujaipokea redio ya mzee uliza inatumia valvu gani za mwisho. Hilo swali moja linaamua mengi kuliko muonekano wa boksi.

Kusikia kwenye kelele. Risiva nzuri za zamani zinasikia vizuri, msidanganywe. Shida ni kwamba zilitengenezwa kabla nyumba hazijajaa chaja na taa za LED na inveta za sola, kelele za aina hii hazikuwepo, na noizi blanka yake (kikata kelele za mipigo) ilitengenezwa kwa ajili ya plagi za magari. Utategemea masikio yako na filta ya kristali iliyomo, hakuna kitufe cha kufuta kelele.

Uvumilivu kwa antena. Hapa inaongoza wazi kabisa. Unatuni pleti, unatuni lodi, na ile saketi ya kutolea inakubali antena ambayo redio ya kisasa ingeikataa. Waya uliokatwa kwa makadirio, SWR (kipimo cha nguvu inayorudi kutoka kwenye antena) 2 au zaidi kidogo, inachukua na kazi inaendelea. Lakini kila ukibadilisha bendi unarudia kutuni, na ukichelewa huku umebonyeza ki (swichi ya Morse) unazichosha valvu.

Mambo ya kidijitali. Inawezekana, watu wanafanya, lakini unapigana na vitu viwili. Kwanza masafa yanatembea mpaka redio ipate moto, ipe nusu saa, maana toni za FT8 zimeachana kwa Hz 6.25 tu. Pili FT8 inarusha mfululizo karibu sekunde 13 kila zamu, sio kama SSB ambapo unavuta pumzi kati ya maneno, kwa hiyo punguza pawa mpaka nusu au chini ya hapo. Na nyingi za kabla ya miaka ya 1980 hazina bendi za 10, 18 na 24 MHz, zilizopatikana kwenye mkutano wa dunia wa mwaka 1979.

Inamfaa nani: anayependa kujua ndani kuna nini, anayetaka kutengeneza kwa mkono wake, mwenye meza ya kudumu isiyohamishwa na asiye na haraka.

Pili: transista yenye vifungo

Namaanisha zile za katikati ya miaka ya 1980 mpaka miaka ya 2000 mwanzoni, IC-735, TS-440S na ndugu zao, na zile za baadaye zenye DSP (kuchuja sauti kwa hesabu za chipu) ndani.

Umeme na usalama. Volti 13.8, ampea 20 hivi ukirusha kwa pawa yote, ampea moja au mbili ukisikiliza. Hiyo maana yake betri ya gari inakutosha umeme ukikatika, na hakuna kitu ndani cha kukutoa roho. Ampea 20 lakini zinaunguza waya mwembamba, kwa hiyo weka fyuzi karibu na betri, upande wa chanya na hasi, na waya mnene.

Matengenezo na vipuri. Kwa maoni yangu hapa ndo penye mtego ambao wauzaji hawausemi. Redio ya 1988 inaonekana ya kisasa kuliko ya 1975 lakini kuitengeneza inaweza kuwa ngumu zaidi: ndani kuna IC (chipu) ambazo kiwanda kiliacha kuzitengeneza zamani, transista za finali (za mwisho, za kurushia) zilizokoma uzalishaji na sokoni zimejaa feki, na displei zinazofifia bila mbadala. Kuna redio za miaka hiyo zilihifadhi programu yao kwenye RAM inayolindwa na betri ndogo ya lithiamu, betri ikifa redio inapoteza kumbukumbu ya namna ya kuwa redio, yaani inawaka lakini haijielewi. Kabla ya kununua uliza kama modeli hiyo ina betri ya namna hii na lini ilibadilishwa. Zuri lake ni kwamba ni nyingi, na redio mbovu ya modeli ile ile inanunuliwa ikawa ghala la vipuri.

Kusikia kwenye kelele. Zenye filta za kristali zikiwa kamili, ya kHz 2.4 kwa sauti na ya Hz 500 kwa Morse, zinakata majirani vizuri sana. Tatizo filta ya Morse mara nyingi iliuzwa pembeni, kwa hiyo redio mbili za jina moja zinaweza kusikia tofauti kabisa, muulize muuzaji zimefungwa filta gani na asikujibu tu kwamba ni "full option". Za miaka ya 1990 kuendelea zina DSP inayosaidia kelele kidogo, za mwanzo zinafanya sauti kama mtu anaongea chini ya maji.

Uvumilivu kwa antena. Mdogo. Inataka ohm 50, na SWR ikipita 2 hivi redio inajipunguzia pawa yenyewe ili finali zisife. Utahitaji tuna (kifaa cha kuilinganisha antena na redio), ya ndani au ya nje, au ukate dipoli yako (antena ya waya yenye mikono miwili) kwa kipimo: gawa 143 kwa masafa kwa MHz unapata urefu kwa mita, yaani 14.2 MHz inatoa mita 10 na kidogo, 7.1 inatoa mita 20. Anza na waya mrefu kidogo, punguza polepole.

Mambo ya kidijitali. Iko sawa tu, masafa hayatembei, ila kuunganisha na laptopu ni kazi ya waya: intafesi ya sauti yenye transfoma za kutenganisha, kibadilishi cha mawasiliano ya CAT (amri za kompyuta kwa redio), na uvumilivu wa kutafuta COM port ipi ndo yenyewe. Ikishakaa imekaa.

Inamfaa nani: anayetaka kuongea leo leo, mwenye umeme wa kusuasua, anayebeba redio kwenda kilimani wikiendi, na yule ambaye kompyuta hataki kuiona mezani.

Tatu: SDR

Humu kuna makundi mawili na watu wanayachanganya. Kuna boksi kamili lenye vifungo kama IC-7300 ambalo SDR iko ndani, na kuna zile ambazo bila kompyuta ni boksi tupu, njia ambayo FlexRadio waliifungua miaka ya 2000 mwanzoni. Pembeni kuna vile vidongo vya USB vya kupokelea tu vilivyotokana na vya kuangalizia televisheni, ambavyo mwaka 2012 watu waligundua vinaweza kugeuzwa risiva, navyo ndo mlango wa bei rahisi kuliko wote.

Umeme na usalama. Kama transista, volti 13.8. Ila ile inayotegemea kompyuta lazima uhesabu na umeme wa kompyuta, na chaja ya laptopu yenyewe mara nyingi ndo inakuletea kelele unazozilalamikia.

Matengenezo na vipuri. Huwezi, tuseme ukweli. Vipande ni vidogo kuliko punje na bodi inabadilishwa nzima. Badala yake unapata kitu ambacho vizazi vya nyuma havikuwa nacho, redio inayoboreshwa kwa programu mpya, unaamka asubuhi ina kitu ambacho jana haikuwa nacho. Upande wa pili wa hilo ni kwamba kompyuta ikijiapdeti usiku, draiva inaweza kugoma na stesheni ikalala mpaka ulitatue, na programu ikiachwa na watengenezaji redio nzima inazeeka hata kama haijaharibika. Mtu anayenunua leo ajiulize miaka ishirini ijayo programu ya kuiendesha atakuwa nayo nani, maana ile chotara ya 1975 bado inawaka bila kuomba ruhusa kwa mtu.

Kusikia kwenye kelele. Hapa ndo SDR inapokamata moyo wa mtu. Skrini inashusha picha ya bendi nzima, kila stesheni ni mstari, na kelele nazo zinaonekana sura zake: inveta inachora mistari iliyoachana kwa nafasi sawa, chaja inachora tope pana linalohamahama. Ukishaiona kelele unaanza kuizima nyumbani kifaa kimoja kimoja huku unaangalia skrini, mpaka mstari ufutike. Kwa anayeishi kwenye majengo yaliyobanana hii peke yake inaweza kuwa sababu ya kuchagua. Filta unajipangia upana wowote. Udhaifu uko kwenye stesheni zenye nguvu za karibu, kigeuzi cha namba kikizidiwa bendi nzima inachafuka kwa mkupuo, IC-7300 ina cha biti 14 na inaonya kwa alama kwenye skrini, kile kidongo cha USB kina biti 8 tu na kinazidiwa upesi.

Uvumilivu kwa antena. Sawa na transista, mdogo. Tuna za ndani zinasaidia mpaka SWR ya 3 hivi, zaidi ya hapo rekebisha waya.

Mambo ya kidijitali. Waya mmoja wa USB, sauti na amri zote zinapita humo. FT8, iliyotolewa mwaka 2017 na Joe Taylor (K1JT) na Steve Franke (K9AN), inakaa kwenye Hz 50 hivi, inakwenda kwa vipande vya sekunde 15 na inasomeka hata ishara ikiwa dB 20 chini ya kelele za kHz 2.5, na huyo Taylor ndo yule wa Nobel ya fizikia ya 1993. Cha kuhakikisha ni saa ya kompyuta tu, ikipotea kwa zaidi ya sekunde moja au mbili hutasoma mtu, na utadhani antena imekatika.

Inamfaa nani: anayependa kompyuta, mpenzi wa FT8, anayepambana na kelele za majirani, na anayetaka kuendesha stesheni yake akiwa mbali kwa intaneti.

Sasa wewe uko wapi?

Hujapata leseni bado au umeipata juzi na hujui kama utaupenda huu mchezo: anza kusikiliza. Kidongo cha USB (hakikisha kinapokea mawimbi mafupi yote, 3 mpaka 30 MHz, vingi vinaanzia kama 24 MHz bila kisaidizi), au usikilize kwa intaneti kupitia risiva ya Chuo Kikuu cha Twente, Uholanzi, ambayo iko wazi kwa yeyote. Hakuna cha kuharibu na utajua unavutwa na Morse, sauti au kompyuta.

Unarithishwa chotara nzima yenye 6146, na mwenye nayo bado yupo wa kukuonyesha: ichukue, na uombe akuonyeshe kutuni mpaka mkono uzoee. Masomo ya volti kubwa yachukue kwake, sio kwenye video. Kama ni ya valvu adimu na hazimo au zimechoka, ipokee kwa heshima lakini usiitegemee kuwa stesheni yako pekee.

Umeme wako ni wa betri au sola: transista ya kawaida, na hata ukienda SDR chagua yenye kila kitu kwenye boksi, sio inayotaka laptopu iwake saa zote. Hapa redio ya wati 5 nayo sio mzaha, FT-817 imewatosha watu wengi kwa Morse na dijitali.

Unaishi ghorofani, kelele ni S9 (juu kabisa kwenye mita) mchana kutwa: SDR, halafu fedha iliyobaki iende kwenye feraiti, zile pete za kufungia nyaya zizuie kelele, usiipeleke kwenye pawa. Ukirusha wati mia nne huku husikii wanaokujibu utakuwa unawapigia watu kelele tu.

Una uwanja, una nguzo, unapenda kuongea kwa sauti na watu wale wale kila jioni: yoyote kati ya tatu itakufaa, hapo chagua ile ambayo fundi wake unamfahamu.

Na kama meza tayari ina redio ya zamani unayoipenda, huna haja ya kuiuza. Wengi wanaongeza SDR ya kupokelea pembeni, wanaona bendi kwenye skrini na wanarusha kwa ile ya zamani. Ila usigawanye antena kwa kiunganishi cha T tu ukadhani umemaliza, wati 100 zikirudi kwenye risiva ya pembeni zinaiua mara moja. Weka rilei inayoitenga na kuishoti kwenye ethi kila unapobonyeza PTT (kitufe cha kurushia), na ijaribu kwa wati 5 kwanza kabla ya kupandisha.